Amos Huyo Alikufa Mtoto

Mwanaisha,

Wewe ni mwoga. Nimelitanguliza neno hili ili usije ukasema bibi alizungukazunguka. Tena ni mwoga wa tabia njema, na hao ndio wabaya zaidi, kwa kuwa watu huwasifu. "Mwanaisha mpole, Mwanaisha hapendi kumuudhi mtu." Kesho wapanda ndege wenda zako kusoma, na huku nyuma wamwacha bibi yako wa pili, Mama Erik, mzaa baba yako, huyo umwitaye Nana, ajipambe aende akaaibike mbele za watu. Nawe wajua. Wajua kutushinda sote, maana kaburi umeliona kwa macho yako.

Salamu nitakupa nikibakiwa na nguvu. Umetoka kuaga rafiki zako, mama'ko yuko kazini, na mimi nimekaa jikoni na kalamu, magoti yaniuma kama kawaida. Ningekusema kwa mdomo, lakini nikikusema kwa mdomo wanijibu kwa Kiingereza, upesi upesi, nami nabaki kama mtu aliyeachwa na basi pale Brooklyn Center, nalitazama likenda. Basi naandika. Kiswahili wakisoma polepole, na barua hii yataka kusomwa polepole. Mwandiko wangu waujua. Nilisoma madrasa na madarasa machache ya skuli, kisha nikatolewa nikae ndani, kwa hiyo usinitafutie makosa, tafuta maana.

Habari za sweta na chakula sizitii humu. Mama'ko keshakutilia sweta za kuvika darasa zima.

Nianze pale tulipokuwa tukikaanga mahamri wiki iliyopita. Ulisimama na simu yako mlangoni, mimi nipo na mafuta ya moto, ukaniambia, "Bibi, nataka kukuonyesha kitu, lakini usimwambie mtu."

Nikakujibu, "Kama ni mwanamume, mwonyeshe mama'ko kwanza."

"Si mwanamume. Ni kaburi."

Nikaupunguza ule moto. Ukanionyesha picha uliyoipiga huko mashariki mlipokwenda na mama'ko kukitazama chuo: jiwe dogo limeinama, limeota kuvu, na mengine mawili makubwa kando yake. Ukanieleza vizuri, nakusifu kwa hilo, hukunifanya mjinga. Ukasema, "Nana hujisifu kwamba ukoo wake umetoka kwa Ezra, yule aliyekuja kwa meli zamani sana, miongoni mwa walowezi wa kwanza kabisa. Huyu Ezra alikuwa na mjukuu, Amos. Nana asema sisi ni kizazi cha Amos huyo."

"Nimeshaambiwa mara nyingi, hata usingizini naweza kulisema. Sasa?"

"Sasa kaburi hili ni la Amos huyo, Bibi. Hawa wawili ni baba yake na mama yake, majina ni yao. Alikufa ana miaka sita."

Nikageuza hamri. "Mtoto wa miaka sita hazai."

"Hazai."

"Basi nyinyi mmetoka kwa nani?"

"Kwa Amos mwingine. Alitokea baadaye, mbali huko magharibi, hakuna ajuaye alikotoka. Nana aliona jina ni lile lile, akawaunganisha."

Nilicheka, nisamehe. Kwetu Mombasa kosa hilo asingelifanya hata mtoto. Mtaa wetu mmoja ulikuwa na kina Mohamed Ali wasiohesabika, maana kila mtu humpa mwanawe jina la babu. Tukawatenga kwa kazi na kwa kilema: Mohamed Ali wa Mkaa, Mohamed Ali Chongo. Ukimpelekea wa Mkaa salamu za mke wa Chongo utapigwa. Jina peke yake ni shati, aweza kulivaa yeyote. Lakini Mama Erik hakuzaliwa mtaa huo, na alilitafuta lile jina kwa miaka mingi. Mtu mwenye kiu ya miaka haonji maji kwanza.

Nikakuuliza, "Umeshamwambia?"

Hapo ndipo ukaanza Kiingereza chako. Ati amezeeka. Ati moyo wake si mzima. Ati ana furaha, mwache na furaha yake, yamdhuru nani? Nikakuuliza tena kuhusu ule mkutano anaojiandalia. Ukakiri. Majani yakianza kugeuka rangi, kabla ya baridi, wazao wa Ezra hukutana huko huko mashariki, kwenye mji wa makaburi hayo hayo, na mwaka huu wamemwita Mama Erik asimame awasomee nasaba yake. Tikiti amekata. Nguo ameshona, ya samawati, nimeishika kwa mkono wangu. Kila ukienda kwake akusimamisha sebuleni umsikilize, nawe wampigia makofi!

Wallahi hapo nilikaa. Wampigia makofi, Mwanaisha, na picha ya kaburi imo kwenye simu mfukoni mwako.

Ukaniapisha ninyamaze, nami nikanyamaza wiki nzima. Sikunyamaza kwa sababu yako. Nilinyamaza kwa sababu jambo hili mwanzo wake ni mimi, na hilo hulijui. Mama'ko alilijua, akalisahau, au alijifanya kalisahau kwa kunistahi.

Baba yako alipokuja kumposa mama'ko tulikuwa tunakaa kwenye nyumba ndogo ya kupanga pale Brooklyn Center, lifti mbovu, theluji nje. Alikuwa keshasilimu, hilo sikuwa na la kusema. Alikuja na mama yake. Mama Erik amejitanda mtandio kama mtu mwenye maumivu ya jino, na mkononi ana bakuli kubwa la viazi na nyama alilolioka mwenyewe. Nyama yenyewe si ya kuchinjwa kwetu, hakujua. Tukalipokea, likakaa pale mezani limefunikwa, kila mtu akilizunguka. Ndugu yangu Athman ndiye aliyekuwa mwenye maneno. Akauliza yanayoulizwa, kazi, swala, wapi watakaa. Baba yako akajibu vyema.

Yakaisha. Ilibaki kusoma Fatiha tu. Nikatoka jikoni.

Nikasema, "Athman, mbona hukumuuliza nasaba? Au huku tunaoza binti zetu kama kuuza kuku?"

Athman akaninong'oneza, "Dada, hawa si watu wa mambo hayo. Yaache."

Sikuyaacha. Nikamuuliza kijana mwenyewe, mama'ko akitafsiri na uso umemwiva: baba yako nani? Akasema. Baba yake baba yako? Akasema, alitoka Norwe. Na baba yake huyo? Akamgeukia mama yake. Mama Erik akafikiri, akasema nadhani walikaa Iowa kidogo.

Nikasema, "Iowa si baba. Iowa ni mahali."

Watu wakacheka. Mama'ko hakutafsiri, lakini kicheko hakihitaji mkalimani. Nikasimama katikati ya chumba, nikawahesabia babu zangu, jina baada ya jina, kwa sauti, kama nilivyofundishwa nikiwa mdogo. Mama Erik alinisikiliza huku akikunja vidole kimoja kimoja. Nilipomaliza vidole vilikuwa vimekwisha. Kisha nikawapa ruhusa waoane. Nilijiona mkarimu.

Mwaka nilipopasuliwa jicho, ni nani aliyenipeleka hospitali Saint Paul na kunirudisha? Mama'ko alikuwa hana likizo. Ni Mama Erik. Wewe ulikaa kiti cha nyuma, mdogo bado, ukitufasiria huku ukila biskuti. Wakumbuka? Alisimamisha gari kwenye taa nyekundu akakwambia uniambie kitu, nawe ukaniambia kama mtoto asemavyo, hujui uzito wake: "Nana asema siku ile ulipouliza, baba yangu alimtazama kama mtoto mwenye njaa, na yeye hakuwa na chakula cha kumpa. Ndiyo akaanza kutafuta."

Taa ikawa kijani. Nilikuwa na kitambaa jichoni.

Kwa hiyo hao babu zake, huko kwenda maktaba, huko kuandikia watu asiowajua, huko kuendesha gari hadi majimbo mengine kupangusa mawe ya wafu, vyote nilivipanda mimi kwa swali moja la kiburi. Upande wa mumewe alifika Norwe akaishiwa. Upande wake yeye akampata Ezra. Kwetu upande wa mama hauhesabiwi, lakini nilikuwa nimeshajifunza kufunga mdomo kidogo. Alikuja hapa na karatasi refu kama mkeka, akalitandaza sakafuni, akapiga magoti na magoti yake mabovu kama yangu. Mwisho wa mistari yote lipo jina lako, Mwanaisha. Akaweka kidole juu kabisa, "Ezra. Aliyekuja wa kwanza."

Nikakwambia umuulize, alipofika hapakuwa na watu?

Ukamuuliza. Akakiondoa kile kidole, akasema, "Walikuwako."

"Basi si wa kwanza."

Ulitaka kuniziba mdomo. Lakini yeye hakukasirika. Alisema hilo hulifikiri, na hajui alifanyie nini. Nilimpenda kwa hilo. Sisi watu wa pwani tumelala katika ardhi ya babu zetu, tukaamka tukaambiwa ina mwenyewe na karatasi anayo, kwa hiyo simwonei mtu aliyekuja na karatasi huruma ya bure. Lakini mtu akikwambia "sijui nilifanyie nini", huyo hadanganyi. Wangapi wanaweza? Wewe huwezi, na umesoma.

Sasa sikiliza lingine, kisha nitapumzika, mkono umechoka.

Wale babu niliowahesabia siku ya posa, jina la nne si babu yetu. Nililijua tangu ujana. Shangazi yangu alinivuta pembeni akanambia, "Hilo jina tulilipachika. Babu yetu alikuwa mtu wa bara, alinunuliwa akiwa mtoto, akakulia katika nyumba ya watu wakubwa, akachukua jina la bwana wake. Jina lake mwenyewe hakuna alijuaye." Akaniambia na mama yangu hajui, yeye kaolewa tu katika ukoo huu, kameza alichopewa.

Mama yangu alikuwa akiyasema majina hayo kila pahali. Harusini, matangani, kwa jirani. Yalikuwa dhahabu yake, nyingine hakuwa nayo. Nikafikiri kama unavyofikiri wewe. Nimwache. Yamdhuru nani?

Ikaja harusi moja kubwa, wanawake wamekaa, udi wafuka, ngoma imetulia watu wanapumua. Mama akaanza kumwambia mwanamke aliyekaa naye habari za ukoo wa mumewe, akafika pale pa nne. Nyuma yetu alikuwepo bibi mmoja wa ile nyumba yenyewe, ya wale mabwana. Anajipepea. Hakuinua hata sauti. Akasema, "Mwanangu, huyo unayemtaja ni wetu. Wenu nyinyi alikuwa akimtekea maji ya kuoga."

Wanawake walicheka hadi vigelegele. Mama akachukua buibui lake. Tulipofika kwenye kona ya kwetu akasimama.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

Akaniambia maneno ambayo nimezeeka nayo. Akasema, "Yule mwanamke akinicheka ni kazi yake, ni mtu kando. Wewe umeniona nimevaa nguo yenye tundu nyuma, ukanitanguliza mbele za watu." Hakwenda tena harusini. Mimi nilipoolewa alikaa chumba cha ndani mpaka watu wakaondoka.

Utaniuliza, basi, Bibi, na baada ya hayo yote, kwa nini ulisimama Brooklyn Center ukalitia tena lile jina la nne? Sijui. Ulimi ulikuwa umelizoea. Nilikuwa mgeni katika nchi ya baridi, kazi yangu kufua shuka za hoteli, nilitaka mtu mmoja tu, siku moja tu, awe chini yangu. Nikampata Mama Erik na bakuli lake la viazi. Ndiyo jibu, na si zuri, lakini silipambi.

Kwa hiyo usinambie wamstahi. Najua ladha ya kustahi kwa namna hiyo, naijua mdomoni. Hustahi mtu, waikimbia ile dakika atakapokutazama usoni. Huko anakokwenda Mama Erik kuna watu waliozaliwa kando ya makaburi hayo, wanayafyekea nyasi kila mwaka. Wadhani hakuna hata mmoja aliyemwona Amos mdogo? Wapo. Watamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, maana hawa watu wana adabu, kisha mmoja atanyoosha mkono. Nawe utakuwa umekaa mstari wa mbele, ulimwahidi utakuwepo, chuo ni karibu. Atageuka akutazame. Utafanyaje? Utapiga makofi?

Na akiisha kujua kwamba ulijua, aibu yenyewe ataisahau. Hilo la kujua kwako hatalisahau. Yeye si mama yangu, pengine atasema maneno matamu, akupe na keki. Lakini ule mlango utakuwa umeufunga, na yeye hana miaka ya kuufungua.

Basi nitakwambia ninavyoona, ufanye utakavyo katika namna, si katika jambo. Usimwonyeshe simu kwanza. Atakapokupa kitu cha kula, kula, ataudhika zaidi ukikataa. Mwambie kwa maneno mafupi: Nana, Amos wa Ezra alikufa mtoto, nimeliona kaburi lake tangu tulipokwenda na mama, na nilikuficha. Hilo la kuficha liseme wewe, usingoje aulize. Usilie kabla yake. Ukilia kwanza atalazimika kukubembeleza wewe, na huo ni wizi. Na tafadhali, usimwambie haidhuru. Yadhuru. Mtu ameacha macho yake kwenye maandishi ya kufifia kwa ajili ya mwanawe na kwa ajili yako, asije mtoto akamwambia haidhuru. Mwache akasirike. Akitaka kunyamaza, nyamaza naye, wewe si redio.

Mwishoni, si mwanzoni, kama ataona nafasi ya kuuliza "basi mimi ni wa nani?", mwambie yupo Amos wa pili. Yule wa magharibi, asiyejulikana alikotoka. Huyo ndiye aliyezaa, akazaliwa aliyemzaa aliyemzaa yeye, na hajapata mtu hata mmoja wa kumuulizia, wote walikuwa wakimuulizia mwenye jina. Pengine alikimbia kitu. Pengine jina alipewa na mtu, kama mzee wetu. Sijui, na labda hatajua kamwe. Asipotaka kusikia habari zake siku hiyo, usimsukumie.

Nimechoka, Mwanaisha. Nimechoka na majina. Nilidhani nikifika umri huu nitakuwa nimekaa nanywa chai, watoto wanafanya mambo yao sawasawa. Kumbe mtu hazeeki, huongezewa tu watu wa kukemea. Nakupenda, na hilo usilitumie kama kisingizio. Soma. Nakuombea kheri uendako, na hizo ndizo salamu nilizokuahidi.

Sasa ni mimi bibi yako Rukia ninayesema, si mama'ko, kwa hiyo hakuna kujadiliana. Kesho tunatoka mapema, swala ya alfajiri ikiisha tu. Nimeshamwambia mama'ko apitie Inver Grove Heights, kwa Mama Erik, kabla ya uwanja wa ndege, hakuuliza sababu, nawe usimweleze njiani, utajimaliza maneno. Mama Erik huamka na giza, taa ya jikoni utaiona. Masanduku yabaki garini, na simu yako imbakie mama'ko hadi Nana mwenyewe atakapotaka kuiona picha. Ingia peke yako, umwambie. Sisi tutakungoja nje, hata kama ndege itakuacha, ndege zipo nyingi.

Ukimaliza, mbusu mkono, toka, uende zako ukasome. Mlango usiufunge. Kiingereza changu cha kukaa na mtu chatosha, nami nina jina la nne la kumweleza. Uache wazi hivyo hivyo, niingie.